Chupa ya Dirishani

Jani la kwanza nililichuma Jumanne
kitaluni kwa Nyafwono, nyuma ya kiwanda cha saruji,
ambako hata vivuli vina vumbi.
Mkaratusi wa miezi saba, kimo cha kiuno changu,
na mshipa wa kati wa kila jani umevimba
kama kidole kilichobanwa na mlango.
"Ada ya shule ya Oketcho hiyo," Nyafwono alisema,
"inajikunja hivyohivyo naiona."

Nilipasua nundu moja kwa wembe.
Ndani, chumba.
Ndani ya chumba, kitu cheupe kisicho na macho
wala haja nayo:
mti wenyewe umemjengea kuta,
umempaka lishe ukutani,
umemfungia mlango.
Hakuna aliyeushika mti mkono.
Umejenga kwa utii uleule
unaoligeuza jani lifuate jua.

Nikachuma mengine kumi na moja, nikayatia katika chupa ya jemu,
nikafunika kwa kipande cha chandarua na mpira,
nikaiweka dirishani kwangu mjini Tororo,
katika nusu ya chumba, upande huu wa pazia,
niliyoipanga kwa mpangaji aliyepanga kwa mpangaji.

Siku ya tisa walitoka.
Nyigu wadogo kuliko nukta ya kalamu yangu,
weusi, wenye mng'ao wa mafuta ya taa juu ya maji.
Wote majike. Ukoo huu hauna haja ya harusi:
binti huzaa binti, naye huzaa binti,
mahari haidaiwi.
Nikahesabu arobaini na wawili. Nikaandika.

Siku ya kumi na tatu alitoka mwingine.

Miguu yake rangi ya chai ya maziwa.
Tundu lake safi, kama la sindano.
Nikaipasua nundu alimotoka, nikamtafuta mwenye nyumba.
Nilikuta ngozi.
Ngozi, na uchafu kidogo
wa mtu aliyehama bila kufagia.

Mama yake alipita juu ya jani akigonga kwa vipapasio,
gonga, sikiliza, gonga,
kama mganga wa zahanati ya Mulanda
juu ya kifua cha mtoto mwenye kikohozi.
Akasimama. Akashusha sindano ndefu kuliko mwili wake ulivyostahili,
akaweka yai moja gizani
ubavuni mwa mtoto aliyelala ameshiba.
Hakumwua. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.
Alimwachia jirani.

Kikulacho ki nguoni mwako, tulifundishwa.
Habari za kimlacho kikulacho,
kilichoshonewa katika pindo la nguo ileile,
mwalimu hakufika huko; kengele ililia.

Nilimpelekea Nyafwono chupa.
Aliielekeza juani, akafumba jicho moja.
"Huyu wa miguu ya chai ni wetu?"
Nikasema si wetu. Si wa mtu.
Ana njaa, na njaa yake imeelekea upande wetu.
Akacheka mpaka akaketi juu ya ndoo.
"Basi ni shemeji yangu huyo,
anayewafukuza wadai wangu ili adai yeye."
Kisha: "Wako wangapi?"
Watatu.
"Na wale wengine?"
Nikamwonyesha, sakafuni mwa chupa,
wamekauka kama majani ya chai chujioni.
Lakini hakuwa akiuliza ya chupa.
Alikuwa akiitazama miche, safu hadi safu, elfu sita,
vichwa vimekunjwa kama ngumi za watoto wachanga.
"Watatu," akarudia,
kwa sauti anayopangia bei.

Tulifungua chandarua jioni, upepo ulipolala.
Wa kwanza akaruka. Wa pili akaruka.
Wa tatu alikawia mdomoni mwa chupa, akijifuta uso,
halafu akapanda kidole cha Nyafwono,
kile chenye fundo, mlango ulichokibana zamani,
akakigonga.
Gonga, sikiliza.
Nyafwono hakukitikisa.
"Hamna kitu humo, mwanangu," akamwambia.
"Jaribu jani."